Gari Ilivuka Bahari, Waranti Ikabaki Ng'ambo

Kuna namba moja nataka uishike kabla hatujaenda mbali: 8.

Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Hiyo unaijua hata kama hujawahi kununua baiskeli. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka watu wa yadi huwa wanakimbizana na meli. Namba ya pili ndiyo wengi hawaijui: watengenezaji wengi wa magari ya stima huipa betri kubwa waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000, itakayofika kwanza.

Nane na nane. Ziweke kando kwa kando uziangalie.

Maanake ni kwamba gari nyingi ya stima inayoshuka Mombasa kihalali, kama haijakimbizwa sana, inashuka na waranti ya betri ambayo kwa karatasi bado iko hai. Gari ya miaka 5 imebakisha 3. Gari ya miaka 6 imebakisha 2. Sasa toka hapo uende uidai hapa Nairobi. Sisi tumejaribu, na hiyo ndiyo stori ya leo.

Kwa wale wapya: mimi hutengeneza video za magari ambayo mtu wa kawaida anaweza kununua. Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo ilipogoma kabisa. Tangu hapo nimesomea karakana za watu, nikiwa nimeshika taa na kuuliza maswali mengi kuliko wanavyopenda.

Gari yenyewe ni ya anko wangu, ndugu ya mathe. Ameendesha teksi hii Nairobi tangu nikiwa darasa la tatu. Mwaka jana aliuza gari yake ya petroli, akachukua mkopo wa sacco, mathe akiwa mmoja wa wadhamini, akanunua gari ndogo ya stima iliyotoka Uingereza ikiwa na miaka 6. Sitaitaja ni ya kampuni gani. Nikiitaja mtaanza kusema "ah, shida ni hao," na shida si kampuni moja.

Hesabu ilikuwa safi. Petroli ilikuwa inamla Sh2,800 kwa siku. Stima, akichaji nyumbani usiku, ilikuwa kati ya Sh800 na Sh900. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna gasketi ya kuungua. Na kama wewe ni wa mazingira, stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Marsabit. Serikali nayo imekuwa ikituambia tununue. Mwaka 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima kutoka asilimia 20 hadi 10. Kwa hivyo usiniambie anko alikuwa anafanya mambo ya ajabu. Alifanya kile taifa lilimwambia afanye.

Miezi saba ilienda bila neno. Halafu asubuhi moja gari ikakataa kuamka. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, taa za onyo zinawaka zote kama ndani ya mat ya Rongai usiku, halafu kimya. Betri kubwa ilikuwa imejaa asilimia 91 usiku uliopita. Gari imeshiba na haiwezi kusimama.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ulikuwa wa wakala rasmi. Gari ilifika juu ya lori la kuvuta, Sh6,500. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, akaomba namba ya chasisi, akaibonyeza kwa kompyuta, akasubiri, akaibonyeza tena.

"Pole mzee, gari hii haiko kwa mfumo wetu."

Anko akamwambia polepole, "Lakini madam, ile nembo iko hapo nje kwa ukuta wenu ndiyo hii iko kwa boneti yangu."

Wakaita meneja. Huyo naye hakutufukuza, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu alikuwa na heshima na sababu tatu. Moja, gari haikuuzwa na wao, kwa hivyo waranti yake si yao. Mbili, hakuna fundi wao aliyepewa cheti cha kugusa mfumo wa umeme mkubwa wa aina hiyo, kwa sababu hawaiuzi hapa. Tatu, hata kuisoma makosa hawawezi bila kibali kutoka makao makuu, na makao makuu hayajawahi kuwapa kwa sababu, rudi kwa sababu ya pili. Tukamshukuru. Lori likatutoa, Sh6,500 nyingine.

Mlango wa pili ulikuwa wa mtengenezaji mwenyewe, Ulaya. Niliandika barua pepe ndefu, Kiingereza changu chote nikakimwaga: namba ya chasisi, picha za taa, tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, kilomita. Siku nne baadaye jibu likaja. Walitushukuru kwa kuwasiliana. Walisikitika kusikia kuhusu usumbufu. Walituomba tuwasiliane na wakala wao rasmi katika nchi yetu.

Huo mduara nimeuchora kwa karatasi na kuubandika juu ya meza yangu. Wakala anasema uliza mtengenezaji. Mtengenezaji anasema uliza wakala. Katikati kuna mzee mwenye mkopo wa sacco.

Mlango wa tatu ulikuwa ule ambao Wakenya wote tunaujua. Kirinyaga Road. Fundi aliyemtengenezea anko magari ya petroli kwa miaka kumi na kitu alikuja, akafungua boneti, akaona zile nyaya nene za rangi ya chungwa, akaifunga taratibu.

"Boss, mimi nina watoto."

Na alikuwa sawa. Rangi ya chungwa kwa gari ya stima ni lugha ya kimataifa. Inasema hapa kuna umeme wa kuua. Magari mengi ya aina hii yana betri ya karibu volti 400, umeme wa moja kwa moja. Fundi akijifunzia hapo kwa kubahatisha, hatapata nafasi ya kukosea mara ya pili.

Aliyetuokoa ni fundi wa kike wa umri wangu tu, anayefanya kazi kwenye karakana ya mabasi ya stima. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, Umoja, na glavu zake za mpira na kipima volti. Hakugusa waya wa chungwa hata mmoja. Alipima betri ndogo, ile ya volti 12, kama tu ya gari lolote. Ilikuwa 10.9.

Akatueleza, na hii nataka uielewe kwa sababu itakusaidia siku moja. Gari ya stima ina betri mbili. Ile kubwa inasukuma magurudumu. Ile ndogo inaamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inafunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa ile kubwa kutoka. Ndogo ikifa, kubwa inabaki imefungiwa ndani hata kama imejaa pomoni. Na kompyuta zikikosa volti za kutosha zinaanza kulalamika kuhusu kila kitu, hadi breki, hadi usukani. Ndiyo maana taa zote ziliwaka.

Betri mpya ya volti 12: Sh13,500. Dakika ishirini. Gari ikaamka.

Siku 11 barabarani hakuna. Anko hubaki na kama Sh3,000 kwa siku baada ya kila kitu. Fanya hiyo hesabu, halafu ongeza lori mara mbili, halafu ongeza makato ya sacco ambayo hayajui kama gari imelala. Mwezi huo mathe alilipa sehemu kutoka kwa akiba yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mdhamini. Yote hiyo ni kwa kitu ambacho mtu mwenye mashine sahihi angekijua kabla chai haijapoa.

Sehemu mbaya zaidi

Ningetaka kumalizia hapo, mambo yakiwa shwari. Lakini taa zote zilizima isipokuwa moja.

Fundi wetu alichomeka kifaa chake kidogo cha kusoma makosa. Kikatoa nambari inayohusu chaja ya ndani, ile inayobadilisha stima ya nyumba iingie kwa betri. Nambari aliiona. Maelezo yake hakuyaona, kwa sababu yako ndani ya programu ya mtengenezaji, na programu hiyo inafunguka kwa akaunti, na akaunti wanapewa mawakala. Yaani gari inajua kinachoiuma, inakisema, lakini kwa lugha ambayo imefungiwa.

Akaniambia, "Jaribu kitu. Ingia kwa tovuti ya hawa watu ya Uingereza, weka namba ya chasisi pale wanaangalia wito wa marekebisho."

Kama hujui, wito wa marekebisho ni hivi: kampuni ikigundua kosa la usalama kwa magari iliyouza, inawaita wenye magari wayarudishe, inarekebisha bure. Si jambo la ajabu. Mwaka 2021 Hyundai iliita magari yake ya stima zaidi ya 80,000 duniani kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto, mengi yakiwa Kona. Mwaka huohuo General Motors iliita kila Chevrolet Bolt iliyowahi kutengeneza, zaidi ya 140,000, na ikawaambia wenye nayo waegeshe nje, mbali na nyumba, na wasiache gari ikichaji ndani usiku.

Niliweka namba ya chasisi ya anko. Ukurasa ukafikiria, kisha ukasema: ndiyo, gari hii ina wito ambao haujafanywa. Unahusu kuchaji. Ni wa usalama. Ni bure. Weka postikodi yako tukuonyeshe kituo kilicho karibu nawe.

Umoja haina postikodi ya Uingereza. Nikachukua kijitabu cha sevisi kilichokuja na gari, kina muhuri wa karakana moja ya Leeds, nikaweka postikodi ya pale. Vituo vinane vikatokea. Cha karibu kabisa kilikuwa na nafasi Alhamisi ya wiki hiyo.

Tulichapisha ule ukurasa tukarudi nao kwa wakala rasmi. Jibu lilikuwa fupi: "Hiyo ni ya soko la Uingereza."

Hapo ndipo mimi niliacha kuona hii kama stori ya huduma mbovu. Gari ni ileile. Chaja ni ileile, waya ni zilezile, hatari ni ileile. Kama ingekuwa Leeds, kuna mtu analipwa kuirekebisha Alhamisi. Kwa kuwa iko Umoja, kwa ploti yenye familia kumi na sita na geti moja, hiyo hatari si ya mtu. Umeme haujui pasipoti.

Siku hizi anko anachaji mchana anapopumzika, gari ikiwa nje, na mtu akiwa karibu. Usiku, ile saa ya bei nafuu ya maisha yake, ile hesabu aliyouzia gari ya petroli, haipo tena. Mapato yameshuka na mkopo uko palepale.

Probox ilitudekeza

Najua kuna mtu anasema: kwani lini Mkenya alipelekea gari ya mtumba kwa wakala rasmi? Kweli. Karibu hakuna. Na hapo ndipo penye siri.

Kwa magari ya petroli hatukuwahi kuwahitaji. Mtengenezaji alitutupa bandarini zamani sana, tukajilea. Probox ikigoma, fundi wa Grogan anasikiliza injini, ananusa, anaguza, anakuambia ni nini. Ujuzi ulihama kutoka kiwandani hadi mikononi mwa watu kwa sababu gari ilikuwa wazi. Unaifungua, unaona. Ukivunja kitu, spea yake iko duka la pili, na haiulizi ruhusa ya mtu kabla ya kufanya kazi.

Gari ya stima ina vitu vichache vya kuvunjika, na hiyo ni sifa. Lakini vile vichache vinaishi ndani ya programu. Kwa magari mengi ya sasa, kipuri kikubwa kikibadilishwa hakifanyi kazi mpaka kitambulishwe kwa kompyuta ya gari kwa mashine ya mtengenezaji. Fundi anaweza kuwa na kipuri sahihi, mikono sahihi, glavu sahihi, na bado gari ikamwambia sikujui.

Kwa hivyo ile njia ambayo nchi hii imetumia kuishi na mitumba, njia ya jua kali, inazibwa polepole, na hakuna aliyetutangazia. Tunaambiwa tu magari ya kesho yamefika.

Ambako hali ni tofauti kidogo, ni kwa sababu watu walifungua wenyewe. Chukua Nissan Leaf, gari ya stima ya mtumba ambayo unaiona zaidi mjini. Nairobi ilikuwa na teksi za Leaf tangu 2018, NopeaRide ilipoanza, hadi ilipofunga 2022. Kuna programu ya simu inayoitwa Leaf Spy ambayo, ukiwa na kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya dashibodi, inakuonyesha afya ya betri seli kwa seli. Hiyo haikutoka kwa Nissan. Iliandikwa na mtu wa nje aliyechoka kutojua. Leaf yenye betri iliyochoka leo unaweza kuijua kabla hujalipa hata shilingi. Hivyo ndivyo taarifa ikiwa wazi inavyofanya kazi.

Tuwe wa haki

Yule meneja ananikalia akilini. Sababu zake hazikuwa za uongo. Kumfundisha fundi kazi ya umeme mkubwa ni pesa. Vifaa vyenye kinga ni pesa. Sehemu maalum ya kuegesha gari yenye betri mbovu ni pesa. Na akifanya hayo yote kwa gari ambayo faida yake ililiwa na yadi nyingine, bosi wake atamuuliza ni ya nini.

Kwa hivyo mimi sidai wakala atengeneze gari ya anko bure. Sidai hata waranti ya miaka 2 iliyobaki, ingawa kwa karatasi ilikuwa pale. Nadai vitu viwili vidogo. Taarifa, na usalama.

Na hivi si vitu vya kuomba kwa magoti. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 46. Inasema mtumiaji wa bidhaa ana haki ya kupata taarifa anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo. Inasema ana haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Haikuandika "isipokuwa kama ni mtumba." Soma mwenyewe, ni kifungu kifupi kuliko hii stori yangu.

Wengine wameshaanza. Afrika Kusini, tume yao ya ushindani ilitoa miongozo iliyoanza Julai 2021: mwenye gari anaweza kupeleka gari kwa karakana huru bila kupoteza waranti, na mafundi huru wapate taarifa za kiufundi kutoka kwa watengenezaji. Marekani, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipigia kura haki ya kutengeneza magari yao mwaka 2012, wakaipigia tena 2020 watengenezaji walipohamishia taarifa kwenye mitandao isiyo na waya. Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 2027, unataka kila betri mpya ya gari ya stima iwe na pasipoti ya kidijitali, unaskani unaona historia yake.

Hiyo ya mwisho ifikirie vizuri. Magari ya 2027 yatakuwa mitumba yetu miaka ya 2030. Yatakuja na hizo pasipoti. Swali ni kama fundi wa Umoja akiskani ataona kitu, au ataambiwa hiyo ni ya soko la Ulaya.

Ninachotaka, kwa ufupi

Wito wa usalama ufuate namba ya chasisi, si nchi. Kama nembo yako iko kwa ukuta Nairobi, na gari yenye nembo hiyo ina wito wa usalama, irekebishe, umtumie bili aliyeitengeneza.

Programu ya kusoma makosa iuzwe kwa fundi yeyote aliyefuzu, kwa bei iliyotangazwa. Tutalipa. Sisi tunalipia hadi choo cha stendi.

Cheti cha ukaguzi cha gari ya stima kiseme afya ya betri ni asilimia ngapi. Karatasi alizopewa anko zilikuwa na hali ya matairi, vioo na taa. Kuhusu betri, ambayo ndiyo karibu bei ya gari yote, hazikuwa na mstari hata mmoja.

Na vyuo vya ufundi vifundishe umeme mkubwa wa magari kwa wingi. Nchi haiwezi kutegemea msichana mmoja mwenye Jumapili ya bure.

Kuna mwenye atasema: si mngenunua mpya? Buda, kama ungeona dashibodi ya sacco ya anko ungeomba msamaha. Nchi hii inatembea kwa mitumba. Kama gari ya stima ni ya wenye za mpya peke yao, basi tusiambiwe ni mustakabali wa taifa. Tuambiwe ni ya mitaa fulani.

Kama unapanga kununua

Kabla gari haijapanda meli, dai namba ya chasisi. Iingize kwa tovuti ya mtengenezaji ya nchi gari iliko, siyo ya hapa. Ukikuta wito, mwambie muuzaji aipeleke ikarekebishwe kule kwanza. Kule ni bure. Ikishavuka maji, imekuwa shida yako.

Dai kipimo cha afya ya betri kwa picha au video, gari ikiwa inaonekana na tarehe ikiwa inaonekana.

Uliza mdomo wa kuchajia ni aina gani. Magari ya Japani kwa kuchaji haraka hutumia CHAdeMO, ya China hutumia GB/T, mengi ya Ulaya ya sasa hutumia CCS2. Halafu zunguka uone vituo vya njia unazotumia vina ipi.

Betri ya volti 12 ipimwe kila sevisi. Ukiona taa nyingi zimewaka ghafla, anza hapo kabla hujalipa lori.

Nenda kwa wakala rasmi kabla ya kununua, na namba ya chasisi mkononi, uwaulize kama wataishughulikia. Wakisema hapana, omba wakuandikie. Hapana ya mdomo haina uzito mahali popote. Hapana ya karatasi unaweza kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo pia hupokea malalamiko ya watumiaji. Sisi yetu tumeshaipata, ina muhuri, na wiki ijayo anko na mimi tunaipeleka tukiwa na ule ukurasa wa Leeds. Jibu lolote tutakalopata nitaliweka hapa, likiwa zuri au likiwa upuzi.

Mpaka hapo, kama kuna gari ya stima ya mtumba kwenu nyumbani, chukua logbuku usiku wa leo, ingiza namba ya chasisi pale nilipokuambia. Itakuchukua dakika tatu. Ukikuta wito, niandikie ni wa nini na wakala wa hapa alikuambia nini. Usitaje jina lako, usitaje lao. Anko akienda peke yake ni mzee mmoja mwenye malalamiko. Tukiwa hamsini, itabidi mtu atafute jibu.